Mkono Kabla ya Picha: Mjadala wa Mshipa Uliobanwa

Kiswahili kimelibebesha neno mshipa mzigo mkubwa. Mshipa wa damu ni mshipa, kano ya shingo inayotutumka mtu akikasirika ni mshipa, ngiri nayo huitwa mshipa, na mtu ambaye maumivu yanamshuka kutoka kiunoni, yakapita makalioni na nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu na unyayo, naye husema ameshikwa na mshipa. Huyu wa mwisho ndiye ninayemzungumzia hapa. Anachougua ni maumivu ya neva ya siatiki, mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini. Mizizi yake huchomoza kati ya pingili za chini za kiuno na kwenye mfupa wa sakramu, huungana ndani ya nyonga, hutokea makalioni ikiwa na unene unaokaribia kidole gumba, kisha huteremka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Ndiyo maana mtu analia na shavu la mguu ilhali shavu la mguu halina kosa lolote: waya umeguswa kiunoni, taa inawaka mguuni. Daktari Domenico Cotugno wa Naples alilieleza jambo hili mwaka 1764, alipoandika kitabu cha kutenganisha maumivu ya nyonga yatokanayo na neva na yale yatokanayo na kiungo chenyewe. Imepita zaidi ya miaka 250, nasi bado tunayachanganya. Tunayaita baridi yabisi, tunayaita figo, tunayaita uzee.

Hoja yangu ni moja. Kwa wagonjwa wengi maumivu haya hupungua ndani ya wiki au miezi michache bila kisu, na kwa wachache ni dalili ya hatari isiyosubiri hata usiku mmoja. Kinachotenganisha makundi haya mawili, katika hatua ya kwanza, ni mkono wa mpimaji anayejua cha kutafuta, maelezo yanayoeleweka, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Picha ya gharama kubwa ina zamu yake, na zamu hiyo kwa kawaida si ya kwanza. Nimeupanga mjadala kama baraza: wenye hoja wanasimama mmoja mmoja, nawaachia waseme kwa nguvu zao zote, kisha najibu. Si watu fulani. Ni hoja zinazosikika kila siku kwenye mabenchi ya hospitali, maduka ya dawa na vibaraza vya nyumbani.

Wa kwanza kusimama amebeba bahasha kubwa ya kaki. "Ndugu mwandishi, mimi nilipima MRI, na imeandikwa wazi: diski imetoka, imegusa neva. Unataka mtu anishike mguu kwa mkono wakati mashine imeona mpaka ndani ya mfupa? Hayo si ndiyo mambo ya zamani?"

Mashine imeona kweli. Swali ni kama ilichokiona ndicho kinachouma. Diski ni kama kitumbua kati ya pingili na pingili: pembeni kuna tabaka za nyuzi ngumu, katikati ute mzito uliojaa maji. Tabaka zikichanika, ute husukumwa nje, na mara nyingi huelekea nyuma pembeni, palepale mzizi wa neva unapopita. Ugunduzi huu una tarehe. Mwaka 1934, huko Boston, Mixter na Barr walichapisha taarifa ya wagonjwa waliopasuliwa na kupona baada ya kipande cha diski kuondolewa. Kabla yao wapasuaji waliokutana na vipande hivyo walidhani ni uvimbe wa gegedu uliojiotea. Ulikuwa ukweli mkubwa, na takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa siatiki kweli wana diski iliyotoka. Lakini nyuma ya ukweli huo likaja kosa, nalo ni kuamini kwamba kila diski iliyotoka lazima iwe inauma. Mwaka 2015 watafiti walikusanya uchunguzi uliokwisha kufanywa kwa watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyobonyea nje. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 84. Ukichukua wapita njia wazima kumi wa makamo ukawaingiza kwenye mashine, wengi wao watatoka na bahasha yenye maneno ya kutisha, kisha watapanda daladala kwenda kazini kama kawaida. Basi picha peke yake haiwezi kusema. Husema ikiambatana na mguu: ikiwa ganzi iko mahali ambapo mzizi ule ule unaoonekana kuguswa hupeleka hisia, na udhaifu uko kwenye msuli ambao mzizi huo huuamuru, hapo picha na mwili vimepatana na bahasha ina thamani. Visipopatana, mgonjwa anatibiwa karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya siku moja haiwezi kulionyesha, nalo ndilo linalonipa matumaini kuliko yote. Kipande cha diski kilichotoka hakikai vile milele. Ndani ya diski hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo ute ukitoka nje, kinga ya mwili huuona kama mgeni, huufuata kwa chembe zake za ulinzi na kuumeng'enya, huku maji yakikauka. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka huohuo wa 2015 ulionyesha kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kujitenga, vile ambavyo kwenye picha hutisha zaidi, vilipungua au kuyeyuka kwa asilimia 96 ya wagonjwa, ilhali diski zilizobonyea kidogo tu zilipungua kwa asilimia 13. Kwa lugha nyepesi, mtokeo mkubwa ndio wenye nafasi kubwa ya kuondoka wenyewe. Pambano hilo hilo la kinga ndilo linalowasha moto wa wiki za mwanzo, maana neva haiumi kwa kubanwa tu. Huuma kwa sababu imeloa kemikali za uvimbe. Mgonjwa anapopiga chafya, msukumo hupanda ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, neva iliyovimba husukumwa, na mguu mzima hupigwa shoti. Akielezwa hivyo, hofu ya kwamba mgongo "umevunjika" huanza kumtoka. Bahasha haimpi maelezo hayo.

Anasimama mpagazi wa sokoni, kitambaa begani. "Unasema wiki na miezi. Mimi nalipwa kwa gunia. Nikikaa nyumbani wiki sita, watoto watakula maelezo yako? Na kila mtu ananiambia lala, usinyanyuke."

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote barazani, na haina jibu la mkato. Nianze na sehemu ninayoweza kuijibu. Ushauri wa kulala umepimwa. Mwaka 1999 madaktari wa Maastricht, Uholanzi, waliwagawa wagonjwa 183 wa siatiki: wengine walale kitandani wiki mbili, wengine waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki mbili, asilimia 70 ya waliolala na asilimia 65 ya wasiolala walisema wamepata nafuu, tofauti isiyo na uzito. Baada ya wiki 12, makundi yote mawili yalikuwa kwenye asilimia 87 ileile. Kitanda hakikumponya mtu mapema, na aliyelala hupoteza nguvu za misuli pamoja na ujira. Kwa hiyo mpagazi asilazwe. Siku mbili tatu za kujilaza maumivu yakiwa makali, sawa. Baada ya hapo atembee, mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, kila siku akiongeza kidogo.

Lakini kutembea si kubeba gunia, na hapa sitaki kumtupia mgonjwa lawama isiyo yake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo anaobeba mwanamume mtu mzima kwa mikono usizidi kilo 55. Lumbesa, lile gunia la viazi au vitunguu lililoshonewa kilemba juu, huvuka kilo 100. Tumezoea kuipinga lumbesa kwa sababu inampunja mkulima, na ni kweli inampunja. Mara chache tunataja mgongo wa yule anayeinama chini ya lori ili ashushiwe mzigo huo shingoni. Mtu huyu akija kliniki na mguu unaowaka, kumwambia "acha kazi nzito" bila kumwandikia barua ya kuomba kazi nyepesi, bila kuzungumza na kiongozi wa kikundi chao cha wapagazi kuhusu zamu ya kuhesabu magunia au kusukuma kwa toroli, ni sawa na kutomwambia kitu. Tiba ya siatiki ya mpagazi huanza kwenye uzito wa gunia. Daktari hawezi kuupunguza peke yake, lakini maofisa wa vipimo na viongozi wa masoko wanaweza.

Bibi mchuaji anaomba nafasi. "Mwanangu, mafuta ya nazi ya moto na mikono hii vimeinua wengi. Hospitali wanawapa sindano, wanarudi kwangu."

Shikamoo bibi, na mikono yako siikatai. Joto na kuchua hulegeza misuli ya kiuno na makalio inayojikaza kuilinda neva, na mtu aliyepata usingizi usiku mmoja baada ya siku tano za kukesha amepata tiba ya kweli. Ninachokataa ni mambo mawili: kusema kwamba mkono umerudisha diski mahali pake, maana hairudi kwa kusukumwa, na kumkanyaga mtu mgongoni. Mifupa iliyoliwa na kifua kikuu au saratani hukatika kwa uzito mdogo kuliko mguu wa mjukuu. Kuhusu sindano, bibi ana haki zaidi kuliko anavyojua. Neva hii inapita makalioni, mahali tunapopenda kuchomwa. Madaktari wa Uganda wamekwisha kuandika juu ya watoto waliopooza mguu baada ya kudungwa kwinini kwenye tako, kwa sababu sindano iliingia kwenye neva au karibu nayo. Mtu mwenye siatiki akimwomba muuza dawa amchome diklofenaki "palepale panapouma" anaikaribisha hatari hiyo, tena kwa dawa ambayo kidonge chake kingemfikia kwa njia ya damu vilevile. Na kidonge chenyewe kitumike kwa siku chache, kwa kipimo kidogo, baada ya chakula, kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala presha isiyotulia. Ushahidi wa nguvu zake kwenye siatiki ni dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Kuna pia vidonge vya pregabalini, vinavyoandikwa kwa wingi kwa sababu vina sifa ya "dawa ya neva". Huko Australia vilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 200 wa siatiki, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: havikupunguza maumivu ya mguu kuliko vidonge visivyo na dawa, ila kizunguzungu viliongeza. Miongozo ya Uingereza sasa inawaambia madaktari wasivitoe kwa siatiki.

Daktari mpasuaji amekuwa akisikiliza kimya. "Unaufanya muda uonekane mpole," anasema. "Mimi nawaona wale ambao muda umewatesa. Wiki ya kumi mtu hajalala, hajafanya kazi, ndoa inayumba. Nikimpasua, kesho yake mguu umepoa. Kwa nini nimnyime?"

Asinyimwe, na namba zinamuunga mkono daktari kwa nusu. Waholanzi tena, mwaka 2007, waliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa siatiki kali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji wa mapema, nusu waendelee na tiba bila kisu, na kisu kiwepo wakihitaji. Waliopangiwa upasuaji walipona kwa wastani wa wiki 4. Wengine wiki 12. Tofauti ya wiki nane za maumivu si jambo la kupuuza, na asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walishindwa wakapasuliwa. Lakini mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa yamepona kwa asilimia 95. Upasuaji basi hununua wakati. Haubadilishi mwisho wa safari kwa wengi. Hapo ndipo mgonjwa anastahili kuulizwa na si kuamuliwa: mwalimu anayeweza kufundisha akiwa amesimama anaweza kuchagua kungoja, dereva wa lori asiyeweza kukaa nusu saa anaweza kuchagua kisu. Na anayeishi mbali na hospitali yenye wapasuaji wa mgongo, kama ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, hulazimika kujumlisha nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza. Kungoja ninakokutetea ni kungoja kwenye macho, kwenye tarehe ya kupimwa upya. Kumwambia mtu "itaisha tu" na kumfungia mlango ni kumtelekeza.

Muuguzi wa zahanati anainuka mwisho, amechoka. "Unasema mkono. Foleni yangu imefika getini. Sina nyundo ya kugonga magoti, na mpasuaji yuko kilomita mia tatu. Mkono wangu utajua nini?"

Mkono wako, dada, utajua mengi kwa dakika zisizofika kumi. Mgonjwa alale chali. Shika kisigino, inua mguu polepole goti likiwa limenyooka. Mguu ukifika kati ya nyuzi 30 na 70 na maumivu yakachomoka kushuka chini ya goti, si ule mvuto wa kawaida nyuma ya paja, mzizi wa neva unavutwa mahali uliponaswa. Kipimo hiki hubeba jina la Lasègue wa Ufaransa, ingawa aliyekichapisha mwaka 1881 ni mwanafunzi wake Forst, na Mserbia Lazarević alikuwa amekieleza mwaka mmoja kabla. Kisha asimame, atembee kwa visigino. Ukikuta unyayo unagoma kuinuka na kidole gumba hakiwezi kusukuma juu dhidi ya kidole chako, mzizi wa tano wa kiuno ndio mashakani. Asimame kwa ncha za vidole, mguu mmoja mmoja. Akishindwa upande mmoja, fikiria mzizi wa kwanza wa sakramu. Muulize kama kandambili inamvuka mguuni bila yeye kujua, maana hiyo ni dalili ya unyayo uliolegea kabla hajaitambua mwenyewe. Halafu maswali ambayo watu huyaonea haya, na ambayo hayana budi kuulizwa: je, sehemu ile inayogusa tandiko la baiskeli imekufa ganzi? Mkojo unamtoka bila kujua, au kibofu kimejaa na hakitoki kitu? Haja kubwa inampita bila kujua? Miguu yote miwili imeanza? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, neva za mkia wa uti wa mgongo huenda zinasongwa zote kwa pamoja, na hapo hakuna wiki sita wala kadi ya kurudi. Ni gari la wagonjwa leo, kwa sababu saa 48 za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu huyu ataweza kujizuia tena. Kwa mtu huyo tu picha na kisu vinakuja mbele ya kila kitu.

Muuguzi huyo ana kazi nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kwa haraka. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziliwekwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo hupenda kukaa kwenye pingili, kama Percivall Pott wa London alivyoeleza mwaka 1779. Mgonjwa mwenye homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinazompwaya, na kinundu kinachochomoza katikati ya mgongo ukipitisha kiganja, asipewe vidonge vya mshipa. Mzee ambaye maumivu humzidi usiku akiwa amelala, na ambaye mkojo wake umekuwa wa shida kwa miezi, apimwe tezi dume. Malengelenge yakitokea kwenye mstari wa maumivu, huo ni mkanda wa jeshi. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachohitaji mashine ili kushukiwa.

Limebaki swali moja, nalo limeulizwa na mama aliyekaa upande mmoja wa makalio muda wote huu. "Sawa, sipasuliwi. Nitakaaje na nyumba yangu? Nazi nani atakuna?"

Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Sweden aliingiza sindano yenye kipima msukumo ndani ya diski za watu hai, akaona msukumo ni mdogo mtu akiwa amelala, huongezeka akisimama, na huzidi akikaa huku ameinama mbele. Mbuzi ya kukunia nazi ni mkao huohuo: kiti cha chini, magoti juu, mgongo umepinda, mikono inasukuma. Kwa wiki hizi kibao cha mbuzi kifungwe juu ya benchi imara ili mama akune akiwa amenyooka, au kazi hiyo aifanye mwingine. Beseni la kufulia lipande juu ya meza. Fagio lifungwe kwenye mpini mrefu. Asubuhi asikimbilie kuinama, kwa sababu usiku diski hunyonya maji na kuvimba, hata mtu huamka mrefu kwa sentimita moja au mbili. Ujazo huo unahitaji saa moja hivi ya kusimama na kutembea ushuke. Akilala, alale ubavu, mto katikati ya magoti, na akiamka ajiviringishe kwanza upande kabla ya kushusha miguu. Na kila jioni aangalie maumivu yameishia wapi. Yakipanda kutoka unyayoni kuja shavuni, kutoka shavuni kuja pajani, ni nafuu, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi ya jana. Yakiteremka, na ganzi ikaongezeka, asisubiri tarehe. Aandike kwenye kalenda ya ukutani neno moja tu kwa siku: unyayo, shavu, goti, paja. Kalenda hiyo aje nayo kliniki.